Kupakuliwa

Miaka ishirini na sita, mwenye kupakua ni mimi.
Malewa yangu iko Katuba, nyuma ya wauza makala:
meza tatu, benchi sita, moja imevunjika mguu
tumeiegemeza kwenye tofali.
Najua nani anataka bukari mgumu,
nani atadai mchuzi wa pili bila kulipa,
nani anakula akigeukia ukuta
kwa sababu jana alikula kwa deni.

Basi siku ile, juu ya nchi ambayo jina lake sikuuliza,
ndani ya ndege ya Wajapani,
kiti cha nyuma, magoti yangu mgongoni mwa mtu,
nilipoona mkokoteni unakuja
nilitaka kusimama.
Mkono ulishaanza kutafuta upawa.

Binti alikuwa amebadili nguo.
Kwa saa ya chakula alivaa aproni ya maua madogo,
kamba imefungwa kiunoni kwa fundo lilelile
ninalofunga mimi.
Jina la kifuani sikuweza kulisoma.
Nikamwita Kapya, kama msaidizi wangu.

Kwanza akanipa kitambaa cha moto.
Nikatafuta beseni kwa macho.
Kumbe kitambaa ndicho beseni, ndicho birika,
ndicho na mtoto wa kumimina maji.

Kisha sinia.
Mungu wangu, sinia!
Kila kitu na nyumba yake:
wali chumbani, samaki sebuleni,
tambi baridi na kichupa cha mchuzi
kidogo kama dawa ya macho,
figili ya njano vipande viwili,
supu inayonuka bahari, mimi ambaye bahari sijaigusa,
na mkate! Mkate na siagi, pembeni ya wali,
kana kwamba kuna mtu alihofu tutalala njaa.
Nikapiga hesabu ya malewa:
samaki huyu, wiki ya mwisho wa mwezi, ni wa watu wawili.
Chumvi kidogo. Pilipili hakuna.
Lakini hakuna punje iliyovuka mpaka.

Mzee wa kushoto aliacha nusu.
Niliumia, na si kwa uchoyo.
Sahani inayorudi jikoni
husema yale mteja asiyoyasema.

Kapya wa angani akaja kukusanya, akainama.
Mimi nilishapanga: kikombe ndani ya kikombe,
vifuniko chini, vijiko upande mmoja,
vyangu na vya yule mzee.
Akatazama sinia. Akatazama vidole vyangu
vilivyobabuka kwa mvuke.
Lugha hatuna.
Akacheka bila kufunika mdomo.

Usiku, taa zimezimwa, nikaenda nyuma kuomba maji.
Nikamkuta kando ya pazia, kiatu kimoja amekivua,
anakula tonge la wali amesimama.
Amesimama!
Kama mimi saa tisa alasiri,
mgongo mlangoni, sufuria mkononi,
nikikwangua ukoko.
Alitaka kuvaa kiatu upesi.
Nikamfanyia ishara: acha.
Maji nikajimiminia mwenyewe.

Huko Nagoya nilimbeba mjukuu. Hayo ni ya siku nyingine.

Sasa Katuba, kabla ya bukari,
napitisha vitambaa vya moto.
Nilikata shuka kuukuu, vipande arobaini,
nachemsha na mchaichai.
Vijana wa gereji walicheka wiki nzima:
“Mama Kisimba, ndege inaruka saa ngapi?”
Kapya ananung'unika: makala yamepanda,
na sabuni atalipa nani?
Kweli. Sina jibu.

Lakini juzi dereva mmoja wa lori la shaba,
siku nne foleni ya Kasumbalesa, vumbi hadi kope,
alichukua kitambaa, hakufuta mikono.
Alikiweka usoni
akakaa nacho hivyo.
Bukari ukapoa.
Sikumharakisha.
Nilikwenda nyuma, nikavua kiatu kimoja.